Soketi ya Kumi na Moja

Jua la Desemba hapa Kajaani ni mgeni asiyekaa:
hubisha hodi karibu saa nne asubuhi,
saa nane na robo limeshavaa koti.
Raili halimhusu. Yuko chini ya hospitali,
ambako mchana ni vitaa vya kijani
na upepo ni feni za seva zikihema.

Mbele yake kigawa umeme:
chembamba, cheusi, kimo cha mtu mzima,
soketi ishirini na nne kama matundu ya filimbi,
na waya mmoja wa mtandao, wa buluu,
unaomwezesha yeyote mwenye nywila,
hata akiwa kitandani, mguu nje ya blanketi,
kusema *zima*,
na huku kitu kikazimika.

Katika lugha hii ninayoandikia
zima na uzima ni majirani wa ukuta mmoja,
na kuzimu iko ng'ambo ya ua tu.

Majina thelathini na mawili, na karibu yote yanaweza yote.
Fundi wa lifti, aliyepewa ruhusa "ya leo tu"
miaka minne iliyopita.
Kampuni ya kamera, imefilisika, ufunguo ingali nao.
Mmoja anaitwa *msimamizi*, na si mtu,
ni nywila kwenye karatasi ya njano nyuma ya mlango.
Na Eetu, kijana wa mafunzo ya kiangazi,
aliyetaka kuamsha printa iliyolala,
akabofya kumi na moja badala ya kumi.
Friji la damu likanyamaza dakika arobaini.
Hakufa mtu.
Eetu alilia chooni; lakini ufunguo hakuuiba,
alikabidhiwa.

Cheo ni dhamana, tumeimbishwa tangu shule.
Nani alituambia kwamba ruhusa nayo ni cheo?

Raili anapunguza.
Huyu aone, asiguse.
Huyu aguse soketi mbili zake, za watu aziache.
Fundi wa lifti, kwaheri, na lifti yako njema.
Hata jina lake mwenyewe analinyoa:
siku za kawaida atatazama tu;
nywila kubwa ataitia bahasha, bahasha kasikini.

Kisha anafika kwa Taisto Karppinen.
Amestaafu mwaka wa tatu huu, mamlaka yake kamili.
Kumbukumbu ya mashine haijui haya, inasema yote:
kila Alhamisi, saa tisa usiku, huingia,
hukaa dakika sita, hutoka.
Hajazima. Hajawasha.
Husoma ampea tu, soketi baada ya soketi,
kama mtu anayemshika mwenziwe kifundo cha mkono
akihesabu mapigo.

Kidole cha Raili kiko juu ya *Futa*.
Hakishuki. Anachukua simu.

Upande wa pili mbwa anabweka, birika linachemka.
Raili anaeleza; kanuni, ukaguzi, samahani.
Kimya kirefu, cha kule kwao, kisichotaka kujazwa.
"Kumi na moja inasoma ngapi?"
"Moja nukta nne."
"Sawa. Ikifika mbili, friji limechoka.
Msingoje life."
Birika linaondolewa jikoni.
"Nifute, binti. Ningekuwa mimi
ningekufuta bila kukupigia simu."

Akamfuta.
Mashine ikaandika tarehe, saa, na jina la aliyefuta,
ikaendelea kugawa.

Alhamisi, theluji ikiwa imefika madirishani,
Raili yu macho, hajui kwa nini; au anajua.
Anaingia kwa ruhusa yake ndogo.
Anaandika ujumbe wa tarakimu mbili na nukta: 1.4
Anautuma kwa namba ya mzee.

Jibu halikuja.
Ila saa tisa na dakika sita usiku
vile vialama viwili pembeni ya ujumbe
viligeuka buluu.

Ameona.
Hakugusa kitu.